Aimé Behaeghe, rubani wa vita ya ziwa letu mwaka 1916

Watu wa Uvira, Baraka na Kalemie wengi wanaijua meli Liemba ya Kigoma, au angalau wamesikia wazee wakiitaja. Wachache wanajua kwamba zamani iliitwa Graf von Götzen, ilikuwa ya Wajerumani, na kuna Mbeleji mmoja aliyetumwa kuja kuitupia mabomu kutoka juu. Jina lake Aimé Behaeghe.

Alizaliwa mwaka 1890 Kachtem, kijiji cha Flanders kule Ubelgiji. Kazi ya kurusha ndege aliijua tangu kabla ya vita, wakati ndege zilikuwa bado mbao, nguo na waya.

Vita ilipoanza, ziwa lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 22 Agosti 1914 waliharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga, na kutoka siku ile pwani yote ya Kongo haikuwa na usalama. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikakamata Kingani mwisho wa 1915, na Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen ilibaki, na ile ilikuwa kubwa mno kwa vile viboti. Wabeleji nao walikuwa wameomba ndege. Waingereza wakawapa 4, aina ya Short 827, za kutua majini.

Zililetwa mpaka Matadi kwa meli, zikiwa vipande vipande ndani ya masanduku, halafu treni, halafu boti za mto, halafu treni tena mpaka upande wetu wa ziwa. Majina ya marubani tunayo: Behaeghe, Orta, Castiau, na mkubwa wao de Bueger. Waafrika waliobeba masanduku yale, waliokata miti na kusukuma ndege majini, majina yao hayakuwekwa pamoja na haya. Ni aibu, maana bila wao hakuna mota ambayo ingewaka.

Ziwani mawimbi yalikuwa makali kwa vyombo vya namna ile, kwa hiyo walihamia kwenye kaziwa kadogo kaliyotulia, Tungwe, karibu na ziwa kubwa. Hapo ndipo shida nyingine ilijionyesha: kupanda.

Short 827 ilitengenezwa kwa jeshi la majini la Uingereza, kwa kazi ya pwani, kwenye hewa ya baridi, usawa wa bahari. Tanganyika iko kama metre 770 juu ya bahari, tena joto letu mnalijua. Ukipiga hesabu, siku ya joto la digrii 30 hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko hewa ya pwani yenye digrii 15. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Si kidogo. Mabawa yanapata hewa pungufu ya kuyabeba, kwa hiyo ndege inakimbia zaidi juu ya maji kabla ya kunyanyuka. Mota nayo inapumua hewa ileile, nguvu inashuka; ilikuwa ya farasi 150 tu. Na kupanda kunafanywa na ile nguvu inayobaki baada ya ndege kujishikilia hewani. Kama inayobaki ilikuwa ndogo tangu mwanzo, ukipunguza kidogo huku, kule unakuwa umekula sehemu kubwa sana. Tena maji yaliyotulia kama kioo, ambayo ndiyo walitafuta, yanashika vielea na hayataki kuachia.

Vijana wetu wanaocheza michezo ya vita vya ndege kwenye kompyuta wanabishana sana: ndege hii kwenye mchezo inapanda sawasawa na kitabu, ile haipandi. Waulize kwanza kitabu kilipima wapi. Kipimo cha leo ni digrii 15 na usawa wa bahari, na pale Kavimvira hakuna siku ya namna hiyo. Behaeghe hakuwa na mchezo wa kuanza upya. Kila kilo ya bomu au ya mafuta aliyoongeza, aliilipa kwenye kupanda.

Pamoja na hayo alipanda. Mwezi wa sita 1916, akiwa na mwenzake Collignon, alivuka zaidi ya kilometre 100 za maji mpaka Kigoma, wakaangusha mabomu bandarini. Wabeleji walisema Götzen ilipigwa, Wajerumani walikataa. Mimi naona ubishi huo hauna uzito sana, kwa sababu mzinga mkubwa wa meli ulikuwa umekwisha kuondolewa na mahali pake wakaweka wa mbao. Wabeleji walikuwa wanaogopa mti. Mwisho wa mwezi wa saba Wajerumani wenyewe waliizamisha meli, wakaacha Kigoma, na Wabeleji wakaingia.

Behaeghe hakuona mwisho wa vita. Ugonjwa ulimshika, akafa Niemba tarehe 3 Desemba 1916, akiwa na miaka kama 26. Niemba ni ileile ya njia ya reli ya Kabalo na Kalemie, ambako Novemba 1960 askari 9 wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliuawa. Götzen iliinuliwa kutoka majini mwaka 1924, ikapewa jina Liemba.