Mwalimu Enoch Mankayi Sontonga, Mtunzi wa Sauti ya Wimbo wa Taifa

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa takriban mwaka 1873 katika mji wa Uitenhage, mashariki mwa Jimbo la Rasi, Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Jina lake halitajwi mara nyingi katika Bariadi, Maswa au Meatu, lakini ni vigumu kumpata mtoto wa shule katika mkoa huu wa Simiyu asiyeijua sauti aliyoitunga, kwa kuwa ndiyo sauti ya wimbo wa taifa la Tanzania.

Alisomea ualimu katika Chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari kutoka Uskoti. Baada ya masomo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa huko mwaka 1886, na watu weusi walimiminika kutoka pande zote kutafuta kazi migodini. Watu wa Kanda ya Ziwa wanajua jinsi dhahabu inavyoweza kuligeuza eneo kwa muda mfupi. Johannesburg ya siku zile ilikuwa na fedha nyingi na taabu nyingi, na fedha hazikukaa upande mmoja na waliochimba.

Katika mazingira hayo Sontonga alifundisha, akaongoza kwaya, na pia akawa mpiga picha. Alimwoa Diana, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Kwa kuwa nyimbo za kufundishia wanafunzi hazikutosha, alitunga zake mwenyewe, maneno na sauti pamoja, akaziandika katika daftari kwa solfa. Nyingi zilikuwa za huzuni, kwa maana zilibeba mateso ya watu aliokaa nao. Viongozi wengine wa kwaya walimwendea kuziazima, naye hakuwanyima.

Mwaka 1897 alitunga ubeti mmoja na kiitikio cha sala ya kuiombea Afrika baraka. Wimbo huo, Nkosi Sikelel' iAfrika, uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumbariki mchungaji wa Kimethodisti. Ieleweke kwamba haukutungwa kwa ajili ya serikali wala chama chochote. Ulikuwa wimbo wa mwalimu kwa wanafunzi wake, na mahali pake pa kwanza palikuwa kanisani.

Sontonga hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Aliugua tumbo, akafariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa bado hajatimiza miaka 35. Alizikwa Johannesburg katika makaburi ya Braamfontein, sehemu iliyotengwa kwa Wakristo weusi. Daftari lake lilibaki, likapita mikononi mwa watu, na hatimaye likapotea. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa, kwa sababu pamoja nalo zilipotea nyimbo ambazo hakuna kwaya itakayoweza kuzirudia. Inaelezwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo ule mmoja kwa peni sita tu. Diana alifariki mwaka 1929.

Wakati huo wimbo ulikuwa umekwisha kushika njia yake. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya Mchungaji John Dube, iliueneza katika matamasha. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein kilipoanzishwa chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1925 chama hicho kiliufanya wimbo wake rasmi. Sol Plaatje alikuwa amekwisha kuurekodi katika sahani ya santuri jijini London mwaka 1923. Beti nyingine saba ziliongezwa na mshairi Samuel Mqhayi, zikachapishwa mwaka 1927.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti hiyo ilipewa maneno ya Kiswahili, ikawa Mungu Ibariki Afrika. Zambia nayo iliichukua mwaka 1964 kwa maneno mengine, na Zimbabwe iliitumia tangu 1980 hadi 1994. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, wimbo ulikuwa na umri wa miaka 115.

Hata Walutheri wa Ufini wanauimba kwa lugha yao: ni namba 501 katika kitabu cha nyimbo kilichopitishwa na kanisa lao mwaka 1986. Wao pia wanajua habari ya mwalimu wa muziki kuwa mtunzi wa taifa. Fredrik Pacius, mzaliwa wa Hamburg aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitunga mwaka 1848 sauti ya wimbo wao wa taifa, na Estonia ikaichukua pia. Tofauti ni kwamba Pacius aliishi hadi uzee akiheshimiwa. Kaburi la Sontonga halikujulikana lilipo kwa miaka mingi.

Lilipotafutwa, ilionekana kwamba katika daftari la makaburi marehemu aliandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Rais Nelson Mandela alizindua mnara mahali hapo, na nishani aliyotunukiwa marehemu ilipokewa na mjukuu wake wa kike.