Harold Hurst: Mwana wa mjenzi aliyepima maji ya Nile kwa miaka 62

Maji ya Mto Nzoia yapitayo kati ya Matete na Webuye, magharibi mwa Kenya, huwa na safari ndefu mbele yake. Huteremka hadi Budalang'i na kumwagika katika Ziwa Victoria. Yale yasiyonyweshwa na jua hutokea Jinja, Uganda, na kushika njia ya Misri. Aliyemaliza umri wake akitafuta kujua ni kiasi gani cha maji hufika huko alikuwa Mwingereza, Harold Edwin Hurst.

Hurst alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na Leicester. Babake alikuwa mjenzi wa kijijini asiyekuwa na uwezo mkubwa, na kijana huyo aliacha shule akiwa na miaka 15 akajifunza useremala. Masomo ya jioni ndiyo yaliyomfikisha Oxford, alikohitimu katika fizikia kwa daraja la kwanza. Mwaka wa 1906 alikwenda Misri kwa kazi ya muda mfupi. Aliondoka mwaka wa 1968.

Mwanzoni alipewa jukumu la kupeleka ishara ya saa hadi ngome ya Cairo, ambako mzinga ulifyatuliwa kila adhuhuri. Baadaye akawa mkuu wa Idara ya Fizikia ya serikali, na mto ukawa ndio kazi yake.

Kupima mto si kutumbukiza ufito tu. Ufito huonyesha kina, hauonyeshi kiasi kinachopita. Kwa hilo hutumika kifaa chenye propela, ambacho mizunguko yake huhesabiwa kikiwa majini. Hata hivyo, hesabu hiyo haina maana mpaka kifaa chenyewe kikaguliwe: hukokotwa kwa mwendo unaojulikana katika hodhi refu la maji yaliyotulia, ili ijulikane mizunguko kadhaa ni sawa na mwendo gani. Propela ikilika au ikipinda, kifaa hurejeshwa hodhini.

Katika Bwawa la Aswan, milango yenyewe ya bwawa iligeuzwa kuwa kipimo. Maji ya mlango yalielekezwa katika hodhi la mawe ambalo ujazo wake ulijulikana, na muda wa kulijaza ukahesabiwa.

Kazi hiyo, ambayo wengi wangeiona ya kuchosha, ilizua kesi. Sir William Willcocks, mhandisi aliyebuni bwawa hilo, alidai kwamba Sir Murdoch MacDonald, mshauri wa Wizara ya Ujenzi, alikuwa ameghushi takwimu za mto. Tume iliyoundwa mwaka wa 1920 iliziona takwimu hizo kuwa za kuaminika, na mwaka uliofuata Willcocks akapatikana na hatia ya kumharibia mwenzake jina. Kilichogombaniwa hasa ni mgao wa Misri na Sudan, na bila vipimo vilivyokaguliwa hakuna upande ambao ungekubali neno la mwingine.

Hurst alisafiri hadi nyanda za maziwa makuu, kisha mwaka wa 1946, pamoja na wenzake, akapendekeza maji yahifadhiwe kwa kipindi cha karne nzima, Ziwa Victoria likiwa mojawapo ya maghala. Akichunguza kumbukumbu za kale za Nile, aligundua kuwa miaka ya ukame huelekea kuandamana, kwa hivyo ghala linapaswa kuwa kubwa kuliko wahandisi walivyodhani. Kanuni hiyo ina jina lake hadi leo, na hutumiwa hata na wachunguzi wa bei za hisa.

Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka wa 1954. Iliafikiwa kwamba maji yaachiliwe kulingana na kina cha ziwa, kama mto ulivyofanya kabla ya bwawa, kwa uhusiano uliopatikana kwa vipimo vya mtoni. Miaka ya 1961 hadi 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, likapita kina kilichowahi kupimwa.

Hurst alifariki Desemba 1978 karibu na Oxford, akiwa na miaka 98. Ziwa liliposhuka mno mwaka wa 2005 na 2006, na wavuvi wa Kisumu wakaona ufuo ukiwakimbia, ni uhusiano huo wa kina na mtiririko uliobainisha kuwa Jinja ilikuwa imeachilia maji kupita kiasi kilichoafikiwa.