Beethoven: Masikio yalipoziba, sonona ikaingia

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeanza kujitenga, hataki wageni na anajibu kwa mkato, soma kwanza habari za Ludwig van Beethoven kabla hujamwita mkorofi.

Alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770. Mwaka 1792 akahamia Vienna, Austria, akapata sifa kubwa kwa kupiga piano na kutunga muziki. Hajatimiza miaka 30, masikio yakaanza kuvuma usiku na mchana. Mtu akizungumza taratibu, alisikia sauti bila kuyapata maneno. Akipaziwa sauti, aliumia. Tumbo nalo lilimsumbua, akiharisha mara kwa mara.

Mwanamuziki atamwambia nani kwamba hasikii? Beethoven alinyamaza. Mwaka 1801 ndipo alipomfungulia moyo rafiki yake wa ujanani, daktari Franz Wegeler, kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa akikwepa watu. Wengi walimwona mtu wa hasira asiyependa wenzake. Huenda hata wewe unamjua mtu wa namna hiyo. Asiyesikia vizuri huchoka kukisia maneno, huona haya kuuliza mara ya tatu, mwisho huacha kukaa barazani. Upweke ukizidi, usingizi na hamu ya kula navyo hupotea, na sonona huwa imeshaingia.

Madaktari walimtilia mafuta ya lozi masikioni, wakamwogesha maji baridi, kisha ya uvuguvugu. Tumbo lilipata nafuu kidogo, masikio hayakupata.

Mwaka 1802 alishauriwa akapumzike Heiligenstadt, kijiji cha nje ya Vienna. Huko mwenzake alisikia filimbi ikipigwa kwa mbali, yeye hakusikia kitu. Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 31, aliwaandikia ndugu zake wawili waraka, akikiri kwamba alikaribia kujitoa uhai na kwamba kilichomzuia ni muziki aliokuwa bado hajautunga. Waraka huo hakuutuma. Ulikutwa kwenye karatasi zake alipofariki mwaka 1827. Yaani kwa zaidi ya miaka 24 maneno hayo yalikaa kwake, na ndugu zake hawakuyasoma.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo alipona. Masikio yaliendelea kufa, hasira haikuisha, na pombe na ugonjwa wa ini vilimwandama hadi mwisho. Lakini kuanzia mwaka 1818 alitumia daftari: mgeni anaandika, yeye anajibu kwa mdomo. Kitu cha bei ndogo, ila kilimrudisha kwenye mazungumzo. Mei 1824 simfonia yake ya tisa ilipopigwa Vienna, mwimbaji mmoja alilazimika kumgeuza ili aone watu wakimshangilia.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akiambiwa shuleni kuwa ni mtukutu au mzito, apimwe masikio kabla ya kuadhibiwa. Sikio linalotoa usaha lisiachwe kwa mafuta ya nyumbani. Nawe unayeuguza mtu mwenye maradhi ya muda mrefu, yawe ya masikio, kisukari au kiharusi, ukifika kliniki mweleze daktari pia jinsi anavyolala, anavyokula na kama bado anapenda kukaa na watu. Akisema amechoka kuishi, usimkaripie wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.