Frida Kahlo na maumivu yaliyogoma kuondoka

Msomaji, kama uliumia uti wa mgongo au ubongo, ukaambiwa jeraha limepona lakini maumivu bado yanakunyima usingizi, yafahamu maisha ya mchoraji Frida Kahlo wa Mexico.

Alizaliwa mwaka 1907. Akiwa na miaka 6 aliugua polio, mguu wa kulia ukabaki mwembamba. Alikuwa mwanafunzi mwenye ndoto ya kuwa daktari pale Septemba 17, 1925, basi alilopanda lilipogongana na tramu. Uti wa mgongo ulivunjika sehemu tatu, nyonga na mguu pia vikavunjika, na chuma kikapenya kwenye nyonga.

Alilala miezi kadhaa akiwa amefungwa plasta. Mama yake alimtengenezea ubao wa kuchorea akiwa kitandani, kikawekwa na kioo juu yake ili ajione. Hapo ndipo uchoraji wake ulipoanza kwa dhati.

Maumivu hayakuondoka. Alivaa mavazi magumu ya kushikilia mgongo, ya plasta, ngozi na chuma. Alipasuliwa mara nyingi, ikiwamo kuunganishwa pingili za mgongo huko New York mwaka 1946. Alitegemea pombe na dawa kali. Mwaka 1953 alikatwa mguu, na Julai 13, 1954 alifariki akiwa na miaka 47.

Kwa nini mtu huendelea kuumwa? Mishipa ya fahamu ikiharibika, huweza kutuma taarifa za maumivu hata kidonda kikishapona. Hofu, sonona na kukosa usingizi huyakuza. Haya ni maumivu ya kweli, si ya kujitungia.

Uchoraji ulimpa Frida kitu cha kuishi nacho mbali na maumivu. Lakini tiba za kisaikolojia tulizonazo leo hazikuwapo kwa ajili yake. Katika tiba hizi, mtaalamu hukusaidia kutambua mawazo yanayoongeza hofu, kugawa kazi na kupumzika kabla hujazidiwa, kupumua taratibu na kulegeza misuli, na kurudia shughuli unayoipenda. Haziondoi maumivu yote wala hazichukui nafasi ya dawa. Lengo ni maumivu yasitawale siku yako nzima.

Hivyo daktari akikuelekeza kwa mwanasaikolojia, usidhani amekuona unajifanya. Nenda, na usiache dawa bila ushauri wake. Mzazi, usimwambie mwanao anadeka. Muulize maumivu yanamzuia kufanya nini, kisha mwambie daktari.

Wahi hospitali mara moja ukipata udhaifu mpya wa miguu, ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia au kutoa haja. Na ukifikia kuona heri kufa, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.