Beryl Markham: Rubani Aliyeitazama Njia Kabla ya Kuifikia

Katika Kisii na Nyamira, utabiri unapotajwa, wengi humkumbuka Sakawa, mtabiri wa Kitutu anayesimuliwa kuwa alibashiri ujio wa wazungu. Utabiri wa rubani ni wa namna nyingine. Rubani hukadiria ndege itakuwa wapi baada ya muda mfupi, hutenda hatua ya kwanza tu, kisha hukadiria upya, kwani upepo na uzito huwa vimebadilika. Wahandisi wa leo wameikabidhi kompyuta kazi hiyo, nao huiita udhibiti wa kutabiri. Makala haya yanaangazia maisha ya mtu aliyeifanya kwa akili na mikono yake mwenyewe: Beryl Markham.

Alizaliwa Ashwell, Uingereza, mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Babake, Charles Clutterbuck, alifuga farasi Njoro. Huko Beryl alikua pamoja na watoto wa Kinandi, akajifunza kuwinda na kusema Kiswahili. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba alikuwa binti wa mlowezi: anga aliyofunguliwa yeye ilikuwa imefungwa kwa wenzake aliocheza nao.

Mnamo Mei 1931, rafiki yake Denys Finch Hatton alianguka na ndege huko Voi, akafa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Msiba huo haukumrudisha Beryl nyuma. Mwaka huohuo alifunzwa urubani na Tom Campbell Black, na kufikia 1933 alikuwa na leseni ya kurusha ndege kwa malipo. Alibeba abiria na barua, na hata kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani.

Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba ndege haitii kwa kipimo kimoja daima. Rubani akiinua pua ya ndege kidogo, mabawa hubeba zaidi. Akiinua kupita kiasi, ghafla mabawa huacha kubeba na ndege huporomoka. Isitoshe, katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, na ndege huhitaji mwendo zaidi ili ipae. Asiyeona mbele hugundua kosa lake wakati hakuna nafasi ya kulisahihisha.

Tarehe 4 Septemba 1936, Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akielekea New York dhidi ya upepo. Baada ya saa zaidi ya 21, injini ilikosa mafuta: barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Hakuwa na la kufanya ila kuchagua mahali pa kuangukia. Aliifikisha ndege nchi kavu, ikazama pua katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alitoka na jeraha la kichwa, akiwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki hadi magharibi.

Mwaka 1942 alichapisha tawasifu yake, ambayo uandishi wake umezua mjadala kwa kuwa baadhi ya watu huuhusisha na mumewe, Raoul Schumacher. Baadaye alirejea Kenya kufunza farasi wa mashindano, akafariki Nairobi mwaka 1986.

Ni dhahiri kuwa makadirio yake hayakuiona barafu ile. Kilichomwokoa ni kukubali upesi kwamba makadirio yamevunjika, na kuanza mengine kabla ya kufika chini.