Malkia Aliyebebeshwa Lawama

Huenda wewe na mwenzako mlifunga ndoa takatifu miaka kadhaa iliyopita na bado mnangoja. Au mimba hushika, lakini hazifiki. Jioni ya leo kaeni pamoja, nyote wawili, msome habari za mke mmoja Mkatoliki wa zamani.

Catherine wa Aragon alizaliwa Hispania mwaka 1485. Mwaka 1501 aliolewa na Arthur, mrithi wa kiti cha Uingereza, na baada ya miezi mitano hivi akawa mjane. Mwaka 1509 aliolewa na mdogo wa marehemu, Mfalme Henry wa Nane, kwa ruhusa ya Papa. Usidhani ilikuwa ndoa ya chuki, walipendana.

Januari 1510 alijifungua kabla ya wakati mtoto wa kike aliyekuwa amekwisha kufa. Tumbo likabaki limevimba, na daktari akamwambia kwamba pacha mwingine yumo. Basi malkia akaingia chumba cha uzazi kama ilivyokuwa desturi, ikulu nzima ikingoja. Uvimbe ukaisha, mtoto hakuwapo. Siri ya yule aliyezaliwa mfu ilijulikana kwa mumewe, daktari, wanawake wawili Wahispania na padre muungamishi wake tu. Mwezi wa Mei ndipo alipomwandikia baba yake, akamsihi asimkasirikie. Hebu fikiri, aliyefiwa ndiye anayeomba radhi! Dada, hujawahi wewe kumwomba mama mkwe msamaha kwa sababu mimba imeharibika?

Tarehe 1 Januari 1511 alizaliwa mtoto wa kiume. Mfalme alikwenda kuhiji Walsingham kushukuru. Mtoto akaishi siku 52. Misiba mingine ikafuata, na katika mimba sita hivi aliyekua ni Mary peke yake, aliyezaliwa mwaka 1516.

Sasa wewe bwana, sikiliza. Mwaka 1519 Henry alipata mtoto wa kiume nje ya ndoa, na hapo akaona ni wazi kwamba kasoro iko kwa mkewe. (Maneno hayo bado tunayasikia vijijini na mijini.) Kufikia mwaka 1527 alitaka ndoa ibatilishwe, akishika Kitabu cha Walawi kuonyesha kwamba Mungu amemwadhibu kwa kuoa mke wa kaka yake. Mwaka 1531 alimfukuza Catherine, naye hakumwona tena binti yake. Papa Clement wa Saba alitamka mwaka 1534 kwamba ndoa ile ni halali, lakini mfalme alikwisha kuoa mwingine.

Leo tunajua kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kiume au wa kike. Tena mwaka 2010 watafiti wawili walitoa wazo kwamba huenda damu ya Henry mwenyewe ndiyo iliyopingana na ya mama na kuwaua watoto tumboni. Halijathibitishwa. Lakini damu kupingana ni jambo la kweli, na ndiyo sababu kliniki hupima damu ya mama mjamzito. Kwa hiyo nendeni hospitali pamoja. Bwana naye apimwe, asimtume mke peke yake kama mshtakiwa. Kuhusu njia ya kupima mbegu, muulizeni daktari na padre ile inayopatana na mafundisho ya Kanisa. Na mtoto aliyepotea msimfiche kama Catherine alivyomficha wake. Ombeni Misa, mlie pamoja.

Catherine alipokuwa mahututi huko Kimbolton, rafiki yake Mhispania María de Salinas alinyimwa ruhusa ya kumwona. Akapanda farasi wakati wa baridi kali, akafika tarehe 1 Januari 1536 bila hati yoyote, akidai ameanguka njiani. Walinzi wakamfungulia. Alikaa kando ya kitanda hadi malkia alipofariki, tarehe 7.