Alexander Fleming

Alexander Fleming (6 Agosti 1881 – 11 Machi 1955) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa kugundua penisilini mwaka 1928. Mwaka 1945 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Howard Florey na Ernst Chain. Alikuwa pia kati ya watu wa kwanza kuonya kwamba bakteria wangeweza kuizoea dawa hiyo ikitumiwa vibaya.

Maisha ya awali

Fleming alizaliwa katika shamba la Lochfield karibu na Darvel, Ayrshire. Baba yake, mkulima Hugh Fleming, alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka 7. Alipokuwa kijana mdogo alihamia London, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli kwa miaka minne. Urithi kutoka kwa ndugu wa baba yake ulimwezesha kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's, akahitimu mwaka 1906. Alibaki hapo kama msaidizi wa Almroth Wright, mtaalamu wa chanjo. Inasemekana sababu mojawapo ilikuwa klabu ya kulenga shabaha ya hospitali, ambayo haikutaka kumpoteza mlengaji hodari.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alihudumia majeruhi huko Boulogne, Ufaransa. Aliona kwamba dawa kali zilizomiminwa katika vidonda virefu ziliua seli nyeupe za damu za askari, wakati bakteria waliojificha ndani waliendelea kuzaana. Tangu hapo alitafuta kitu ambacho kingeua bakteria bila kumdhuru mgonjwa. Miaka michache baada ya vita alipata lisozimu, kimeng'enya kilichomo katika kamasi na machozi, lakini kilikuwa na nguvu ndogo dhidi ya bakteria wanaoleta magonjwa makali.

Ugunduzi wa penisilini

Tarehe 3 Septemba 1928 alirudi kutoka likizo akakuta kisahani kimoja cha bakteria wa Staphylococcus kimeota kuvu. Kandokando ya kuvu hiyo bakteria walikuwa wamekufa. Maji ya kuvu yenyewe aliyaita penisilini, akachapisha habari zake mwaka 1929. Hakufaulu kuisafisha dawa, na kwa miaka kumi wachache tu waliijali.

Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Florey, Chain, Norman Heatley na wenzao. Mwaka 1941 walimtibu askari polisi mmoja, Albert Alexander. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha ingawa walikuwa wakiitoa tena katika mkojo wake, naye akafariki. Hata hivyo magazeti yalimpa Fleming karibu sifa zote, jambo ambalo liliwaudhi watu wa Oxford, na si bila sababu. Hadithi kwamba baba yake alimwokoa Winston Churchill asizame, na kwamba baadaye penisilini ilimponya Churchill, si ya kweli: mwaka 1943 Churchill alitibiwa kwa dawa ya aina ya salfa.

Onyo kuhusu usugu

Katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 1945, Fleming alieleza kwamba katika maabara si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu: inatosha kuwapa penisilini kidogo isiyoweza kuwaua. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejinunulia dawa na kutumia kiasi kidogo mno. Bakteria waliobaki hai wanamwambukiza mke wake, ambaye anapata nimonia. Daktari anampa penisilini, lakini haifanyi kazi tena, na mke anafariki.

Haikuchukua muda. Mwaka 1947 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia penisilini isiuzwe bila cheti cha daktari. Lakini sheria haikuzuia usugu kuenea wodini: katika hospitali moja ya London, Mary Barber alionyesha kwamba kufikia mwaka 1948 zaidi ya nusu ya Staphylococcus waliopimwa walikuwa sugu.

Kwa upande wa mifugo, mambo yalikwenda kinyume kabisa na onyo hilo. Karibu na mwaka 1950 watafiti wa Marekani waligundua kwamba vifaranga waliolishwa antibiotiki kidogo walikua haraka zaidi, na mwaka 1953 Uingereza iliruhusu penisilini katika chakula cha nguruwe na kuku. Dozi ndogo kwa wiki nyingi, kwa wanyama wengi waliobanana pamoja: ilikuwa karibu sawa na jaribio la maabara ambalo Fleming alilieleza. Katika miaka ya 1960 Salmonella sugu kutoka kwa ndama waliwafikia watu. Mwaka 1969 kamati ya Michael Swann ilipendekeza kwamba antibiotiki zinazotibu binadamu zisitumiwe kukuza mifugo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki zote za kukuza mifugo mwaka 2006.

Miaka ya mwisho

Fleming alipewa cheo cha Sir mwaka 1944. Mke wake wa kwanza, muuguzi Sarah McElroy, alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, mtaalamu wa bakteria kutoka Ugiriki. Alifariki London kwa ugonjwa wa moyo na majivu yake yamewekwa katika kanisa kuu la Mt. Paulo.

Mfuko wa Fleming, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 2015, ulipewa jina lake. Ulisaidia maabara za binadamu na za mifugo kufuatilia usugu wa dawa katika nchi mbalimbali, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda.